Kushusha data za CERN na kuzigawa kwa flashi: usikubali faili lililoharibika

Mwaghonile Mbeya, kamwene Iringa! Leo tunashusha data halisi za CMS, kile kitambuzi kikubwa cha chembe cha pale CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, halafu tunaziweka kwenye flashi za darasa zima. Msiogope, ni halali. CMS wamezitoa kwa leseni ya CC0, yaani hawajabakiza masharti ya hakimiliki, nakili na ugawe utakavyo.

Python mnayo. Kama huna, simamisha video, iweke, rudi. Fungua teminali, andika:

pip install cernopendata-client

Imeingia. Tunataka rekodi namba 12341 ya tovuti ya CERN Open Data. Ina faili moja, Run2012BC_DoubleMuParked_Muons.root, lenye matukio zaidi ya milioni 61 ya migongano ya protoni ya mwaka 2012, zikiwa zimebakizwa taarifa za myuoni tu, chembe inayofanana na elektroni ila nzito zaidi. Uzito wake ni GB 2 na ushee. Kabla hujagusa bando, uliza kwanza unachoenda kushusha:

cernopendata-client get-file-locations --recid 12341 --verbose

Inakupa kiungo, ukubwa kwa baiti, na cheksamu iliyoandikwa adler32, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima ili kugundua likiharibika. Wapo watakaokwambia tumia XRootD, njia nyingine ya kusafirisha mafaili, na kweli ndiyo wanafizikia wenyewe wanayotumia. Mimi kwa hapa kwetu nabaki na HTTP. XRootD inapitia poti 1094, na mitandao mingi ya vyuo imeifunga; utakodolea skrini mpaka chai ipoe, na kwa baridi hii ya Juni chai haichelewi.

Tengeneza folda, iite 12341, ingia ndani, andika wget -c kisha bandika kiungo. Hiyo -c, yaani endelea ulipoishia, usiiache. Kwa mtandao wa Mbps 5 hesabu karibu saa nzima, na ndani ya saa nzima umeme… haya, huo umeenda. Mmeona wenyewe. Laptopu ina betri, ruta haina. Tukutane ukirudi.

Umerudi. Mshale wa juu, Enter, inaendelea pale pale ilipokatikia. Bila -c ingeanza sifuri na kukutengenezea faili la pili lenye .1 mwishoni, bando limekwenda na maji.

Limeisha? Toka nje ya folda, hakiki:

cernopendata-client verify-files --recid 12341

Usiseme "si ukubwa umelingana". Biti moja ikigeuka njiani, idadi ya baiti inabaki ile ile. WLCG, mtandao wa kompyuta unaohudumia LHC, ile mashine ya CERN ya kugonganisha protoni, una vituo karibu 170 katika nchi zaidi ya 40, na hakuna faili linaloaminiwa kwa ukubwa peke yake. Rucio, programu ya kusimamia data iliyoanzia ATLAS, kitambuzi kingine cha LHC, inatunza cheksamu ya kila faili. Kopi ikifika kituoni na namba haifanani, inahesabiwa haijafika, inatumwa upya. Ukitaka kuihesabu mwenyewe kwa zlib.adler32 ya Python, soma faili kwa vipande, anza na 1, na kila kipande ukipe jibu la kipande kilichotangulia. Chapisha kwa 08x, yaani heksadesimali ya tarakimu nane, la sivyo sifuri ya mbele inapotea na utalitupa faili zima kumbe halina kosa.

Sasa flashi. Hapa twende polepole.

Sokoni kuna flashi zimeandikwa GB 128 na ndani hazifiki hata GB 8. Ikijaa hailalamiki, inaendelea kupokea na kutupa. Kwa hiyo pima kwanza: sudo apt install f3 (kwa Ubuntu au Debian), kisha f3write na f3read ukielekeza kwenye flashi. Ukiona Data LOST si sifuri, mrudishie muuzaji leo leo. Iliyopona iformati exFAT, kwa sababu FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4, na ukija kufunga mafaili kadhaa pamoja utakwama.

Rudi kwenye folda ya 12341:

sha256sum *.root > orodha.sha256

Hiyo ni orodha yetu wenyewe ya cheksamu, za aina ya SHA-256. Tunaitengeneza kwa sababu verify-files inahitaji intaneti, na shule ya Makete huenda siku hiyo haina. Nakili faili na orodha kwenye flashi kwa cp, halafu andika sync. Sogeza kamera hapa. Kidirisha kinasema asilimia 100, lakini taa ya flashi bado inapepesa. Bado inaandika! Usichomoe. Subiri sync irudishe alama ya kuandikia.

Imerudi. Sasa CHOMOA flashi, chomeka tena, ndipo uhakiki. Narudia: chomoa, chomeka, ndipo uhakiki. Ukihakiki bila kuchomoa, kompyuta inasoma kopi iliyobaki kwenye RAM, flashi yenyewe haiguswi, na utapewa OK ya uongo. Tazameni, hii sijaichomoa makusudi, naingia kwenye folda ya flashi yenyewe:

sha256sum -c orodha.sha256

Sekunde chache tu, OK. GB 2 kwa USB 2.0? Haiwezekani, inatakiwa ipite dakika nzima. Naichomoa, naichomeka, amri ile ile. Taa inapepesa… inasoma kweli sasa… FAILED. Mmeona? Flashi hii ya bluu inakwenda kubebea miziki. Wale wa flashi ishirini: kila moja, chomoa kwanza. Kila moja.

Diski za Songea na Njombe nazipandisha basi, ila orodha.sha256 naituma na WhatsApp pia, maana iliyo ndani ya diski inaweza kuharibika pamoja na data. Mpokeaji mwenye Windows aandike certutil -hashfile, jina la faili, SHA256, alinganishe herufi zote 64, siyo nne za mwanzo.

Kulifungua faili kwa uproot, maktaba ya Python, na kuchora kile kilele cha chembe ya Z karibu na GeV 91 ni video ijayo. Flashi nilizokwisha kuzipima kwa f3 ninazo hapa Mwanjelwa, tupu au zikiwa na data ndani. Anayetaka aandike chini aseme ngapi na yuko wapi.