Ekskaveta ya mbao: tunatengeneza mkono

Haya wadau, leo ni mkono wa ekskaveta tu, ile mashine ya kuchimba udongo, ila yetu ni ndogo ya mfano, cheni na kabini tunaziacha kwanza, maana mkono ndo wengi wanauharibu na ndo unaoipa mashine sura yake.

Vipimo. Ekskaveta ya tani 20 mkono wake mkubwa huwa kama mita 5.7 na ule mdogo unaoshika ndoo kama mita 2.9, sisi tunagawanya kwa 20, tunapata senti 28.5 na senti 14.5. Usikadirie kwa macho.

Sasa cheki huu mkubwa, una kona katikati kama goti. Ukiuchonga kwenye ubao mmoja, pale kwenye kona nyuzi za mbao zinakatiza na hapohapo ndo unavunjika, mimi nimevunja mitatu kabla sijaelewa. Kwa hiyo plaiwudi ya milimita 12 inakaa katikati, kila upande unabandika mbao ngumu ya milimita 6, unabana na klempu mpaka kesho yake. Gundi ikichuruzika ifute saa hiyohiyo na kitambaa kibichi, ikikauka mafuta ya kupaka mbao hayapenyi na doa linabaki.

Toboa KABLA hujakata umbo, yaani bonge likiwa bado la mstatili linalala vizuri kwenye meza ya drili na tundu linanyooka, chini weka kipande cha mbao mbovu ili biti isipasue ikitokea upande wa pili. Tundu la pini milimita 6. Ndo ukate, ndo upige msasa 120, 180, umalizie na 240.

Silinda ziko nne: mbili zinanyanyua mkono mkubwa, moja inavuta mdogo, moja ya ndoo. Fimbo inayoingia na kutoka kwenye silinda ni kijiti cha mviringo cha milimita 6, tundu lake 6.5, na ikivutwa mpaka mwisho theluthi yake ibaki ndani, la sivyo inachomoka, nimeona nyingi zinachomoka.

Paka mafuta vipande vyote, vikauke, ndo uingize pini. Gundi weka nchani tu, katikati sugua nta.

Nyanyua mkono halafu uachie. Ukianguka, chomeka kiduara cha ngozi nyembamba kwenye kiungo kabla pini haijashika... ona, umebaki hapohapo juu.