Mbinafsi Anayetoa

Wazee wangu, akina mama, ndugu zangu wafanyabiashara wa Kasese, asanteni kwa kufunga maduka mapema jioni hii.

Nianze na neno. Kwa Kiswahili, ukimwita mtu mbinafsi umemtukana. Ayn Rand, mwanafalsafa aliyezaliwa Urusi mwaka 1905, aliushika ubinafsi huohuo akauita sifa njema. Baba yake alikuwa na duka la dawa, Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioshika serikali, wakalitwaa. Binti akahamia Marekani mwaka 1926, na hadi kufa kwake alishikilia kwamba mtu hakuzaliwa awe chombo cha mwenzake: asijitoe mhanga kwa ajili ya wengine, wala asidai wajitoe mhanga kwa ajili yake. Wengi wakifika hapo humwacha. Lakini hakukataza kutoa. Alikataa kwamba kutoa ni deni unalozaliwa nalo.

Sasa tuje huku kwetu Uganda. Januari 2017, shirika la Ubelgiji liitwalo Eight lilianza kutuma pesa kwa simu katika kijiji cha Busibi, upande wa Fort Portal. Mtu mzima alipata dola 18.25 kwa mwezi, kama shilingi 65,000 za wakati ule, na mtoto nusu yake. Walikuwa watu wazima 56 na watoto 88. Hakuna aliyepewa sharti la matumizi; pesa za namna hii huitwa kipato cha msingi. Zile shilingi 25,000 wanazopewa wazee kila mwezi ni mpango wa serikali, na mlipa kodi haulizwi kama amependa. Za Busibi ni za hiari.

Je, mtoaji wa hiari anaweza kusema anafuata maslahi yake?

Sokoni nimesikia jibu la haraka: toa, pesa itazunguka ikurudie. Silikubali. Tuseme umetoa 65,000, na zote zikarudi dukani kwako kwa sukari na sabuni. Sukari imeondoka, sabuni imeondoka, na wewe uliinunua kwa jumla. Umepata hasara, tusidanganyane.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Kule milima ya Kigezi kuna vyama vya engozi, yaani machela. Barabara haifiki, mgonjwa hubebwa mabegani mpaka hospitali, na kila nyumba ina zamu na mchango wake. Hakuna anayeiita sadaka. Ninambeba mkeo leo kwa sababu kesho ni mimi. Napenda sana mfano huu, maana hapo huwezi kutenganisha langu na lako. Ila engozi ni nipe nikupe kati ya wanachama. Mama wa Busibi hatambeba Mbelgiji.

Basi inabaki nini? Inabaki kuuliza maslahi ni nini hasa. Mimi nataka kuishi katika nchi ambayo jirani hauzi mbuzi wa mwisho kununua dawa ya malaria. Hakuna aliyenilazimisha kutaka hivyo. Ni haja yangu, kama nyumba nzuri ilivyo haja yangu, na nikiitolea pesa sijajitoa mhanga. Nimenunua ninachokitaka. Kwa maana hiyo nasema kutoa na maslahi yangu vinapatana kabisa.

Sharti ni kwamba haja iwe yako kweli. Mnajua vikao vyetu vya harusi: jina linasomwa, watu wanageuka kukutazama, unaahidi laki mbili za karo ya mtoto. Hiyo si hiari, hata kama hakuna askari mlangoni. Wazee waliposema kutoa ni moyo, walimaanisha moyo, si aibu.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi. Kinachotolewa kwa kupenda hukoma kwa kupenda, na kipato cha msingi kina maana tu mtu akijua mwezi ujao kipo. Ndiyo maana ni vizuri kwamba Busibi ilipangiwa muda, miaka miwili. Mfanyabiashara hutimiza ahadi kwa sababu jina lake ndilo mtaji wake, na mtoaji afanye vivyo hivyo. Nikiulizwa tuanzie wapi hapa mjini, nasema familia kumi, mwaka mmoja, na pesa zote ziwe benki kabla ya mwezi wa kwanza. Aliyepokea ya Januari ajue ya Desemba ipo, hata kama mimi niliyetoa nimeshaghairi.