Kabla ya kutia nanga Formentera, tazama chini

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote, na ahsanteni kwa kukaa hadi saa hizi.

Naomba picha ya kwanza. Hii wengi wenu mnayo kwenye simu, maana ndiyo inayorushwa kwenye makundi kila watu wanapoanza kuchangishana pesa za kukodi boti majira ya joto. Ni Ses Illetes, ncha ya kaskazini ya Formentera, kisiwa cha Uhispania jirani na Ibiza, bahari ya Mediterania, imepigwa na droni. Ulimi wa mchanga mweupe, boti zimelala, maji maangavu mpaka kivuli cha kila boti kinaonekana chini. Na swali ni lilelile: nahodha, tutie nanga hapa? Nami nauliza: hapa wapi? Tazameni tena. Acheni boti, acheni ufuo, tazameni sakafu ya bahari. Palipong'aa ni mchanga. Hayo madoa meusi mliyoyapita haraka ndiyo yaliyonileta leo. Nitayakalia kwa muda, na mwenye haraka anivumilie.

Ni posidonia. Namsikia mzee mmoja hapa mbele akisema mwani. Si mwani, mzee wangu. Mwani hauna mizizi. Huu ni mmea kamili: una mizizi, shina na majani, unatoa maua na matunda, yote chini ya maji. Unaota Mediterania peke yake. Maji yakiwa safi unashuka mpaka kina cha mita 40 hivi. Mbuga za nyasi hizi zilizo chini ya maji kati ya Ibiza na Formentera ni miongoni mwa sababu zilizoifanya UNESCO kuiandika Ibiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Watu hudhani ni kwa ajili ya ngome ya mji tu. Mwaka 2006 watafiti waligundua karibu na Formentera mmea mmoja uliotanda kiasi cha kilomita 8. Nasema mmea mmoja, sisemi mbuga. Umri wake wanaukadiria kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Na uangavu huo mnaousafiria? Unatokana na nyasi hizo. Majani yake hupunguza kasi ya maji, vumbi la baharini likatua, likabaki chini. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe wa fukwe hizi ni mabaki ya viumbe vidogo vyenye magamba vilivyoishi ndani ya nyasi. Hata yale marundo ya majani makavu ufukoni, ambayo wageni huyalalamikia hotelini kuwa ni uchafu, ndiyo yanayoushika mchanga usichukuliwe na mawimbi ya kipupwe. Anayeiua mbuga anaua picha aliyoijia.

Sasa mtaniambia: nyasi ni nyasi, leo ziking'olewa, msimu ujao zimeota. Hapana. Hili hunikera kuliko yote, maana nimelijibu gatini, nimelijibu kwenye madarasa ya manahodha, na bado kila Julai nalisikia. Posidonia hutambaa kwa shina, na shina hilo hurefuka sentimita chache tu kwa mwaka. Chukueni boti ya kawaida ya kukodi, mita 12, nanga yake kilo 20. Nanga ikiingia kwenye nyasi, ikang'olewa asubuhi, inatoka na fungu la mashina na kuacha shimo. Tuseme upana wa mita 1. Nyasi zikitambaa sentimita 2 kwa mwaka kutoka kila ukingo, shimo litazibika baada ya miaka 25. Mtoto aliyezaliwa siku mliyokula samaki wa kuchoma juu ya boti ile atakuwa anaposa. Na hiyo ni hesabu ya bahari iliyotulia. Kipupwe mawimbi huingia shimoni, hula kingo, na shimo huwa mfereji.

Nanga basi ni afadhali. Balaa kubwa ni mnyororo, na hapa ndipo hata manahodha wazuri wanapokosea. Mnatia nanga kwenye kina cha mita 5. Kutoka usoni mwa maji hadi omo, yaani mbele ya boti, pale mnyororo unapotokea, ongezeni mita 1. Jumla 6. Mtu anayetaka kulala salama anamwaga mara 5 ya hapo, yaani mita 30 za mnyororo. Mchana upepo wa baharini unaivuta boti upande huu. Usiku upepo wa nchi kavu unashuka, boti inageuka na kuelekea kule. Chuma kile cha mita 30 kinazunguka na boti, kinafyeka kama panga. Nanga yenyewe imekaa mchangani vizuri kabisa, mmeipiga na picha, na mbuga ya pembeni imekwisha. Kwa hiyo msiniulize nanga imeangukia wapi. Nionyesheni duara la mnyororo, na duara lote liwe mchangani. Mchanga usipotosha duara, nendeni kwingine.

Inafanywaje? Fikeni jua likiwa juu, kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Jua likishalala, maji yote huwa rangi moja na hamwoni kitu. Mmoja asimame omo, amevaa miwani inayokata mng'ao, na asipige kelele, maana injini inameza sauti. Anyooshe mkono kushoto au kulia. Ngumi maana yake simama. Mshika usukani aingie akiukabili upepo, mwendo wa mtu anayetembea, mpaka ukingo wa mchanga ulio upande wa joshi, yaani unakotoka upepo. Hapo ndipo nanga inaposhushwa, kwa kuwa boti itarudi nyuma na mnyororo utajilaza juu ya mchanga wote uliobaki. Msirundike mnyororo juu ya nanga. Ulazeni taratibu boti ikirudi. Kisha injini nyuma, polepole, mkiongeza, na yule wa omo aweke nyayo juu ya mnyororo. Ukitetemeka na kugugumia, nanga inaburuta. Ukikaza ukanyamaza, imeshika. Halafu mtu aingie majini na miwani ya kuzamia, aufuate mnyororo mpaka nangani, ayaone makucha yamezama. Haichukui muda mrefu. Nimewaona wasiotaka kulowa nywele wakikesha usiku kucha kwa wasiwasi.

Na kama doa jeusi hamjui ni nyasi au mwamba, haidhuru, vyote viwili si pa kutia nanga.

Sheria ipo pia. Baleari, kundi la visiwa lenye Formentera, Ibiza, Mallorca na Menorca, walitunga amri yao mwaka 2018, kutia nanga juu ya posidonia ni marufuku, boti kubwa kwa ndogo. Serikali ya visiwa ina ramani za bure zinazoonyesha nyasi ziko wapi, na majira ya joto kuna vijana wa doria kwenye viboti vidogo wanaopita ubavuni, wanachungulia chini, wanawaambia msogee mita kadhaa. Wasikilizeni kwa adabu. Wanawasaidia bure, na hawakuja kuwaharibia likizo. Kwa wanaofikiria Korsika au pwani ya kusini ya Ufaransa, huko amri ya mwaka 2019 ilifungua njia ya kuzizuia boti za mita 24 na zaidi kutia nanga kwenye nyasi hizi. Lakini mimi sitaki mtu aje kwenye mchanga kwa kuogopa faini. Nataka aje kwa kuwa amezamia akaiona mbuga ile, majani marefu yanalala yote pamoja upande mmoja, wimbi likipita yanainuka na kulala upande wa pili, samaki wadogo wamejaa humo.

Dada mmoja kabla ya mkutano aliniambia maboya ya kufungia boti badala ya kutia nanga ni ghali. Dada yangu, kikundi kimelipa maelfu ya yuro kwa wiki, mafuta juu, chakula juu, halafu boya la usiku mmoja ndilo lionekane mzigo? Boya lililowekwa na hifadhi limefungwa chini kwa namna isiyofyeka kitu, na usiku mnalala. S'Espalmador, kisiwa kidogo kaskazini ya Formentera, yapo. Cabrera, kusini mwa Mallorca, ni hifadhi ya taifa tangu 1991, huwezi kuingia na boti bila kibali, na kulala ni kwenye boya lililowekwa nafasi mapema. Watu huniambia hiyo ni usumbufu. Usumbufu huo ndio uliofanya Cabrera ibaki Cabrera. Ukilala pale usiku mmoja, giza halisi, nyota, hakuna muziki wa baa, utaelewa.

Sasa niseme na waliokulia pwani yetu, maana hili huwaponza wao zaidi kuliko Wazungu. Sisi wa Unguja, Tanga, Mombasa, tunaisoma bahari kwa maji kujaa na kupwa. Bamvua kwetu huweza kutofautisha maji kwa mita 4. Kule tofauti haifiki hata nusu mita. Maana yake ni kwamba boti ikipanda fungu la mchanga, msikae kupika chai mkingoja maji yajae yawanyanyue. Hayajai. Na mkimwaga taka za choo ndani ya ghuba, hakuna maji makubwa ya kupwa ya kuzibeba. Mtaogelea nazo kesho asubuhi. Tumieni tangi la maji machafu, lifungeni mkiwa ghubani, na sitarudia.

Lakini msidhani maji ya kule hayashuki kabisa. Menorca kuna mji unaitwa Ciutadella, bandari yake ni hori refu jembamba. Hali fulani za hewa huko juu zikikutana na umbo la hori lile, maji huvutwa nje na kurudi kwa dakika chache. Wenyeji wanaita rissaga. Tarehe 15 Juni 2006 maji yalishuka ghafla takribani mita 4, boti zikakaa juu ya tope, kisha maji yakarudi na kuzigonganisha. Nyingi ziliharibika na kuzama. Idara ya hali ya hewa hutoa onyo la rissaga. Likitolewa, Ciutadella si pa kulala, hata pawe pazuri vipi.

Hilo linanifikisha kwenye upepo, na naona mwenyekiti ameanza kutazama saa, kwa hiyo nitakimbia. Hakuna ghuba nzuri. Kuna ghuba nzuri kwa upepo wa usiku huu. Benirràs, kaskazini mwa Ibiza, jua likizama hapana mfano, lakini upepo wa kaskazini magharibi ukija mmekwisha. Cala d'Hort mnalala mbele ya mwamba wa Es Vedrà, unaosimama karibu mita 400 kutoka majini. Kusini magharibi kukichafuka, ondokeni kabla hata ya kula. Sa Calobra huko Mallorca, magenge yake ni ya ajabu, ila pako wazi kwa kaskazini, na pwani nzima ile ya milima bandari ya kukimbilia ni moja tu, Sóller. Ses Illetes yenyewe iko magharibi ya ulimi wa mchanga. Upepo ukiwa wa mashariki mna kinga ya mawimbi, ukigeuka magharibi hamieni upande wa pili, na msijaribu kukatisha kati ya Formentera na S'Espalmador, pale maji ni ya magoti. Zungukeni kaskazini ya S'Espalmador.

Na tazameni utabiri asubuhi na jioni, hasa Agosti, bahari ikishachemka. Tarehe 18 Agosti 2022 Korsika ilipigwa na dhoruba ya ghafla, upepo ukafika kilomita 225 kwa saa, boti zilizokuwa nangani zikatupwa ufukoni, watu wakafa. Tarehe 14 Agosti 2024 dhoruba iliikuta Formentera imejaa boti za likizo, nyingi zikaishia kwenye mchanga na miamba. Kila mtu alikuwa amechagua mahali kwa picha. Mahali pa akiba awe napo kila nahodha, amepaangalia kwenye ramani mchana, anajua atatokaje usiku.

Yaliyobaki nayataja tu. Jenereta izimwe usiku. Kiboti cha mpira kiende taratibu palipo na waogeleaji. Muziki ubaki ndani ya boti yenu. Wanaokwenda Sardinia, visiwa vya La Maddalena ni hifadhi, lipieni kibali, na ule ufuo wa waridi wa Budelli tazameni kwa mbali, kukanyaga ni marufuku kwa sababu watu waliuchota mchanga kwenye chupa. Ugiriki nilitaka kuizungumza, upepo wa meltemi unahitaji mhadhara wake.

Jambo la mwisho, na liandikeni. Kabla ya kutia saini mkataba, iulizeni kampuni ya kukodisha mambo matatu: mnyororo una urefu gani, umepakwa alama za mita au la, na tangi la choo linafanya kazi. Mfunguliwe kisanduku cha mnyororo mbele yenu, mwutoe sehemu yake, muone alama kwa macho. Kisha wekeni nafasi ya boya S'Espalmador na Cabrera kwanza, ndipo mnunue tiketi za ndege. Boya likikosekana tarehe hiyo, sogezeni tarehe.

Haya, yule kijana wa nyuma aliyenyoosha mkono muda mrefu, karibu.