Miguu Inayokataa Kukaa: Mtihani wa Uuguzi wa Afya ya Akili na Jicho la Muuguzi

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Zuhura, niko na mwenzangu Baraka, ambaye amebakiza wiki tatu afanye mtihani wa uuguzi wa afya ya akili. Baraka, unalala kweli?

BARAKA: Kidogo, dada. Kinachonitesa ni kwamba nimesoma. Dawa nazijua, dalili nazijua, lakini nikifika kwenye maswali naona majibu yote manne ni sahihi. Naishia kubahatisha.

ZUHURA: Mara nyingi yote manne ni mambo ambayo muuguzi hufanya. Swali linataka ujue lipi linatangulia kwa mgonjwa huyu, saa hii. Mimi hilo nililijifunza kwa uchungu. Nikusimulie?

BARAKA: Simulia.

ZUHURA: Nilikuwa mwanafunzi, zamu ya jioni. Kuna mgonjwa mmoja, kijana, siku ya tatu tangu aanzishiwe haloperidoli, dawa ya wanaosikia sauti au kuona visivyokuwepo. Anakaa kitandani, dakika haijaisha ameinuka. Anakwenda dirishani, anarudi, anainua mguu huu, anashusha, anainua ule, kama mtu aliyekanyaga mchanga wa moto. Nikaandika kwenye chati: "Mgonjwa hatulii, ana fujo." Kwa maneno yangu hayo akaongezewa dozi ya dawa ileile.

BARAKA: Akatulia?

ZUHURA: Alizunguka usiku kucha. Asubuhi muuguzi mkuu wa zamu akasogeza kiti, akamuuliza: "Unataka kutembea, au miguu ndiyo inakulazimisha?" Yule kijana akaanza kulia. Akasema miguu inakataa kukaa. Ilikuwa akathisia, Baraka, ile hali ya mwili kushindwa kabisa kutulia. Dawa ndiyo iliyomletea, na mimi nikasababisha aongezewe.

BARAKA: Pole, dada. Sasa ulipaswa kuandika nini?

ZUHURA: Nilichokiona. "Ameinuka mara 12 ndani ya dakika 10, anasema hawezi kukaa, hasikii sauti, hatishii mtu, haloperidoli siku ya tatu." Anayesoma hapo ana cha kufikiria. Neno "fujo" lilikuwa hukumu, na likamfungia daktari mlango. Tangu siku hiyo nikiona mgonjwa amebadilika najiuliza kwanza: dawa gani imeanza, imeongezwa au imeachwa?

BARAKA: Swali hilo nalibeba mpaka chumba cha mtihani.

ZUHURA: Libebe. Mwaka 2006 mtaalamu wa uuguzi wa Marekani, Christine Tanner, aligawa uamuzi wa muuguzi katika mambo manne: kugundua, kufasiri, kuchukua hatua, na kutafakari. Mimi nilianguka kwenye lile la kwanza. Wanafunzi wengi wanakimbilia hatua kabla hawajaona vizuri. Ndiyo maana mitihani nayo imebadilika. Ule wa leseni wa Marekani, NCLEX, tangu Aprili 2023 una visa vinavyofunguka kidogo kidogo: unapewa maelezo ya wauguzi, vipimo, kisha unaulizwa lipi katika hayo yote linakutia wasiwasi.

BARAKA: Nijaribu moja.

ZUHURA: Haya. Mgonjwa anatumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi. Ameharisha siku mbili, mikono inatetemeka hadi kikombe kinamwaga chai, anayumba akitembea. Saa ya dozi imefika. Unamfundisha kupumua polepole ili atulie, unampa dozi, unaizuia dozi na kumwita daktari, au unamwambia apunguze chumvi?

BARAKA: Naizuia, namwita daktari.

ZUHURA: Kwa nini?

BARAKA: Kwa sababu… dalili za sumu?

ZUHURA: Usiniulize, niambie. Fuata njia yenyewe mwilini.

BARAKA: Sawa. Akiharisha anapoteza maji na sodiamu. Figo zikiona sodiamu imepungua zinaing'ang'ania, na lithiamu nayo inarudishwa pamoja nayo. Basi inajaa kwenye damu.

ZUHURA: Umeona? Sasa huwezi kudanganywa na lile jibu la kupunguza chumvi, kwa kuwa unajua lingemzidishia. Na kiwango?

BARAKA: Kwa kawaida milimoli 0.6 hadi 1.2 kwa lita. Ikipita 1.5 ni hatari. Damu inachukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho.

ZUHURA: Hiyo ya saa 12 ni kwa ufuatiliaji wa kawaida. Ukishuku sumu husubiri saa itimie. Tena mgonjwa anaweza kuwa na dalili za sumu huku namba iko ndani ya mipaka, hasa mzee au aliyetumia muda mrefu. Kutetemeka kidogo kwa vidole ni jambo la kawaida kwa wanaotumia lithiamu. Kutetemeka kwa kumwaga chai, pamoja na kutapika, kuhara, kuyumba, ulimi mzito, hiyo ni dharura. Usiache namba ikufumbe macho.

BARAKA: Lakini ningekuwa na haraka ningechagua lile la kupumua. Nikiona tu "wodi ya akili", kichwa kinaenda kwenye wasiwasi.

ZUHURA: Hapo ndipo wengi wanapopoteza alama, na wodini wagonjwa wanapoteza maisha. Mgonjwa wa akili ana mwili. Anayetumia klozapini, dawa nyingine ya wanaosikia sauti, akija na homa na koo linauma, ni mafua?

BARAKA: Inaweza kuwa dawa imeporomosha seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Kipimo cha damu siku hiyohiyo.

ZUHURA: Na tumbo lake muulize pia, maana kufunga choo kwa klozapini kumeua watu. Sasa huyu: mzee amelazwa kwa upasuaji, siku ya tatu anaanza kuona wadudu ukutani, anatoka jasho, mapigo yanakwenda mbio. Hajawahi kuugua akili.

BARAKA: Imekuja ghafla, kwa hiyo siiti skizofrenia. Naangalia oksijeni, sukari, maambukizi… siku ya tatu… Pombe! Alikuwa mnywaji na hakuna aliyemuuliza.

ZUHURA: Ndiyo. Ule mchafuko wa akili wa kuacha pombe ghafla huja mara nyingi kati ya saa 48 na 96 baada ya kinywaji cha mwisho. Na thiamini, yaani vitamini B1, anapewa kabla ya sukari ya glukosi, au pamoja nayo. Hesabu siku zake wodini. Jibu mara nyingi limejificha kwenye tarehe.

BARAKA: Kuhusu kujisomea, mwenzangu mmoja anafanya maswali 100 kwa siku. Mimi nafika 30 nimechoka.

ZUHURA: Fanya 20. Funika majibu kwa karatasi, soma kisa, andika kwa mkono wako unachohofia na utakachofanya. Kisha funua. Ukipata, usikimbie. Chukua kila jibu ulilolikataa ujiulize: hili lingekuwa sahihi kwa mgonjwa gani? Lile la kupumua polepole lina mgonjwa wake, yule mwenye hofu ya ghafla ambaye moyo umeshapimwa uko sawa. Kwa hiyo swali moja linakupa wagonjwa wanne.

BARAKA: Hiyo nimeipenda. Na maswali ya mazungumzo? "Muuguzi ajibu nini?"

ZUHURA: Kataa linaloanza na "usijali", kataa linalomhoji "kwa nini", kataa ushauri wa haraka. Hayo unayajua. Ninalohofia zaidi ni mgonjwa wa sonona aliyeanza dawa wiki ya pili. Jana alikuwa halali wala hali, leo ameoga, ametulia, anagawa vitu vyake kwa wenzake.

BARAKA: Mtihani unanitega niseme anaendelea vizuri.

ZUHURA: Na familia itafurahi. Nguvu zinaweza kurudi kabla ya tumaini kurudi. Jana hakuwa na nguvu ya kutekeleza alichowaza. Utamwambia nini?

BARAKA: Ningemuuliza kama… kama ana mawazo mabaya.

ZUHURA: Mawazo mabaya ni nini? Anaweza kukujibu "hapana" akiwa mkweli kabisa. Kumuuliza wazi hakumtii wazo kichwani. Niulize mimi, kana kwamba ndiye yeye.

BARAKA: Naona umegawa vitu vyako leo. Je, unafikiria… kujiua?

ZUHURA: Umeshusha macho kwenye neno lenyewe. Mgonjwa atajua hutaki kulisikia. Tena.

BARAKA: Naona umegawa vitu vyako leo. Unafikiria kujiua?

ZUHURA: Ndiyo.

BARAKA: Asante kwa kuniambia. Umeshapanga namna ya kufanya?

ZUHURA: Endelea. Na usiondoke kwenye hicho kiti.