Baada ya hesabu, chakacha

Asalaam aleikum, na hamjambo. Nimeambiwa niwaeleze namna redio zetu hizi ndogo zinavyotangaza habari kubwa zinapozuka ghafla. Naanza na aibu yangu mwenyewe, maana naikumbuka kuliko sifa.

Aprili 2023, makaburi ya Shakahola, msitu wa Kilifi walikofia wafuasi wa mhubiri aliyewahimiza wafunge mpaka kufa, yalipoanza kufukuliwa, nilikuwa zamu ya mchana katika kituo kimoja hapa Malindi. Jina lake tuliache. Nikasoma taarifa ya saa saba: leo imefukuliwa miili kadhaa, jumla imefika kadha wa kadha. Nikafunga maikrofoni. Kompyuta, isiyojua msiba, ikapokea: chakacha, ngoma juu, kisha tangazo la magodoro.

Simu ya studio ikalia papo hapo. Mama mmoja, sauti ya mtu aliyekwisha kulia mpaka akachoka. "Mwanangu, nimetoka Chakama kumtafuta dadangu na wanawe. Nyinyi mwapiga ngoma? Na hiyo hesabu yako itanifaa nini? Nambie niende wapi."

Sikuwa na jibu. Dawati la Msalaba Mwekundu la kutafuta waliopotea lilikuwa hospitalini, si mbali na kiti nilichokalia, nami sikuwa nimelitaja hata mara moja.

Vituo vya Nairobi vilileta magari yenye madishi juu. Kwa kasi hatuwawezi, na sioni kwa nini tuhangaike. Msikilizaji wao anataka kujua kumetokea nini. Wa kwetu huenda aliyefukuliwa ni nduguye.

Kesho yake nikageuza taarifa juu chini: kwanza dawati liko wapi na mtu aje na nini, hesabu baadaye. Vipimo vya vinasaba vilipoanza, tukaeleza kwamba sampuli hutoka kwa mzazi, mtoto au ndugu wa damu. Mkwe hafai, hata akiwa ndiye aliyelea. Hilo la mkwe lilituletea simu nyingi kuliko hotuba ya waziri yeyote. Tukalirudia kwa Kigiriama, maana wazee wengi wa huko bara Kiswahili wanakisikia, lakini jambo la kifo hulitaka kwa lugha ya mama.

Hesabu nazo zilitukoroga. Miili iliyofukuliwa ni hesabu moja, waliookolewa wakafia hospitali ni nyingine, walioripotiwa kupotea ni ya tatu. Mtu akizijumlisha kwenye WhatsApp, mtangazaji mvivu anasoma. Nami nimewahi kuwa mvivu. Miili ilipita 400, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Muda wote huo, kila "inasemekana" yetu ilimpandisha mtu matatu kuja mochari bure.

Bahari nayo ina yake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Tanzania, tulisoma onyo la idara ya hali ya hewa neno kwa neno, na tarakimu zake zote. Nahodha mmoja wa Ngomeni akapiga: "Tarakimu nimesikia. Nina vijana sita na nyavu. Ning'oe nanga au ningoje?"

Nikamwambia hilo si langu kusema, asikate simu. Nikampigia afisa wa idara, nikamweka hewani. Manahodha wakamuuliza wenyewe: upepo watoka wapi, lini, mpaka lini. Mimi nilikuwa nashika simu tu.