Folda Iliyoitwa CON: Mhadhara kwa Makatibu wa Vyama vya Ushirika, Kasese

Mwenyekiti, ndugu makatibu, mama zangu mliotoka Bwera na asubuhi hii ya mvua, asanteni. Walionisikia mwaka jana wanajua ninachotaka kusema, na naona wawili pale nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni. Mkimaliza, nitawauliza ni nani kati yenu amewahi kuifungua ile bakapu, yaani nakala ya akiba, anayoifanya kila Ijumaa.

Kimya. Haya.

Ofisi moja ya kupitisha mizigo pale Mpondwe, mpakani na Kongo, siitaji, walipanga faili zao kwa nchi: KEN, RWA, TZA, SUD, na mizigo ya Kongo wakaiita CON. Herufi tatu tatu, nadhifu kabisa. Seva yao, kompyuta kuu ya ofisi, ilitumia Linux, mfumo wa kompyuta kama ilivyo Windows, na Linux haina shida na jina hilo. Kila usiku seva ilinakili kila kitu kwenye diski ya nje. Ijumaa karani anaichomeka ile diski kwenye laptopu yenye Windows 10, anatengeneza nakala ya pili, anasubiri neno "imekamilika", anafunga ofisi.

Umeme ukarudi kwa kishindo siku moja, mnaujua ule, seva ikaungua. Hakuna hofu, bakapu ipo. Nakala ya pili inafunguliwa: Kenya ipo, Rwanda ipo, Kongo haipo. Wanachomeka diski ya kwanza: CON inaonekana kwa macho, ukiibofya haifunguki, kompyuta inalalamika kwamba jina la kifaa si halali. Kifaa gani tena? Fundi wa mjini akatazama, akasema folda imeoza, diski ifomatiwe. Ifomatiwe! Kwa meneja anayeishi kwa mizigo ya Kongo! Aliponipigia simu sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Folda haikuwa imeoza. CON ni jina la zamani la kibodi na skrini, tangu mifumo ya miaka ya 1970. MS-DOS ilipotoka mwaka 1981 haikuwa na folda hata moja. Hizo zilikuja na toleo la 2, mwaka 1983. Kwa hiyo jina la kifaa lilitambulika popote ulipoliandika, na folda zilipokuja wakaogopa kuvunja programu za watu, wakaliacha litambulike ndani ya kila folda. Mpaka kwenye laptopu ile ya karani. Wenzake ni PRN, AUX, NUL, COM1 hadi COM9, LPT1 hadi LPT9. Ukiongeza mkia, ukaandika AUX.txt, kwenye Windows 10 hujaponea hapo. Kuna mhasibu aliyefupisha "auxiliary" na sitasema yuko safu ya ngapi.

Nilichukua flashi yenye Linux, nikawashia laptopu hiyo hiyo, CON ikafunguka, kila hati ndani. Dakika kumi. Ningeweza hata kubaki kwenye Windows nikaandika kwenye dirisha la amri:

ren "\\?\E:\CON" KONGO

Hayo makorokoro ya mwanzo, mikwaju ya nyuma miwili, alama ya kuuliza, na mkwaju mwingine wa nyuma, yanaiambia Windows isilikague jina, ilipokee lilivyo. Andikeni. Dawa hiyo hiyo inatibu jina lililoishia na nukta au nafasi, na njia, yaani anwani nzima ya faili, iliyo ndefu kupita herufi 260. Nitarudi huko nikipewa muda.

Lakini kilichoniuma si CON. Tulipofungua logi ya programu ya kunakili, yaani daftari lake la matukio, kila Ijumaa, miezi saba, mstari ni ule ule: moja imerukwa. Programu ilisema. Hakuna aliyesoma. "Imekamilika" maana yake ni kwamba programu imefika mwisho wa safari. Abiria walioachwa stendi wameandikwa kwenye logi.

Najua mzee mmoja atasema: basi sote tuhamie Linux. Mzee wangu, huko nako kuna ng'ombe.

Sitanii. Chama kimoja cha maziwa kilikuwa na folda ya Ng'ombe, na wewe unayeandika Kiswahili huikwepi ritifaa hiyo, kile kialama cha juu. Waganda wana herufi yao ya ŋ lakini wengi wao pia wanaandika ng'. Kijana aliandika skripti ya bakapu, yaani faili la amri zinazojiendesha zenyewe, jina la folda likiwa wazi bila kufungwa kwenye alama za nukuu. Skripti ikaiona ritifaa, ikadhani nukuu imefunguliwa, ikaisubiri ifungwe mpaka mwisho wa faili, ikafa. Akaifunga kwa nukuu mbili, ikapona. Wiki ya pili nusu ya faili hazionekani. Kumbe zipo folda mbili! Moja ina ritifaa iliyonyooka, ya kibodi. Nyingine imepindika, kwa sababu karani alinakili jina kutoka kwenye Word, na Word huipindisha yenyewe. Kwa jicho ni ng'ombe mmoja. Kwa mashine ni wawili, na bakapu ilikuwa inamlisha mmoja.

"Kwa hiyo tuandike ngombe? Utaua lugha!" Mwalimu mmoja alinikaripia hivyo hivyo, tena mbele ya watu. Mwalimu, ndani ya hati andika ng'ombe, andika ng'ong'ona, andika mashairi. Jina la folda ni kama namba ya boda: hakuna anayeisoma kwa ladha. Herufi za kawaida, tarakimu, kistari. MIFUGO, basi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka: tarehe iandikeni 2024-03-12, si kwa mikwaju, Mac itakubali mkwaju, Windows haitaki. Mabano ya mraba, kama Michango [2023], kwenye orodha za kuruka za rsync, programu ya kunakili, na kwenye PowerShell, dirisha la amri la Windows, husomwa kama kanuni ya kutafuta, si jina; PowerShell ina -LiteralPath kwa ajili hiyo. "Kahawa" na "KAHAWA" ni mbili kwa Linux, moja kwa Windows, na moja itaimeza nyingine. Njia ndefu... hiyo hapana, muda.

Mama wa Bwera ameinua mkono. Folda inaitwa "USIFUTE???" na imetoka kwenye Mac? Hiyo mama haitakaa kwenye Windows, alama ya kuuliza ni mwiko. Ibadilishie jina huko huko kwenye Mac kabla ya kunakili. Umekuja na diski? Ilete hapa mezani, na wengine wenye diski pia. Tufungue logi kwanza, chai ipo tu.