Korongo Letu Linabeba Maji Kiasi Gani?

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na vijana, poleni na majukumu.

Nianze na bati. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba inatoa lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000, na hiyo ni nyumba moja tu. Tazameni vilima vya Kigoma, mhesabu mabati kutoka juu hadi ziwani.

Kwa makorongo madogo tunatumia hesabu ya zamani, ambayo mhandisi Thomas Mulvany wa Ireland aliieleza mwaka 1851. Chukua hekta za eneo linaloteremsha maji, zidisha kwa milimita za mvua kwa saa, zidisha tena kwa sehemu ya mvua isiyozama ardhini, kisha gawanya kwa 360. Unapata mita za ujazo kwa sekunde.

Tuseme korongo lina hekta 60, na mvua ni milimita 60 kwa saa. Kilima kikiwa na michikichi na nyasi, sehemu isiyozama tuiweke 0.3: zinashuka mita za ujazo 3 kila sekunde. Kilima hichohicho kikijaa mabati, saruji na viwanja vilivyoshindiliwa, tuiweke 0.7: zinashuka 7. Mvua ni ileile.

Lakini hata hiyo 7 ni ndogo, na hapa ndipo wengi hukosea. Ukali wa mvua tunaouweka kwenye hesabu hutegemea muda ambao maji hutumia kutoka kileleni mpaka kwenye kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Kwenye nyasi maji yanajivuta, pengine nusu saa. Kwenye mtaro wa saruji yanafika kwa dakika 10. Na mvua ya dakika 10 hupiga kwa nguvu kuliko wastani wa nusu saa, kwa hiyo lazima tupandishe ile 60. Tunalaumu taka zilizoziba kalavati, na kweli zinaziba, ila hata likisafishwa, kalavati lililopimwa kwa kilima cha michikichi halitoshi.

Mkisikia "mvua ya miaka 10", yaani mvua kubwa ambayo kwa wastani huja mara moja kwa miaka 10, msidhani ikinyesha leo tumepumzika miaka tisa. Kila mwaka ina nafasi moja kati ya kumi. Ndani ya miaka 10, uwezekano wa kuipata walau mara moja ni kama asilimia 65.

Ziwa nalo lina neno lake. Tanganyika likipanda, kama tulivyoona 2020 na 2021, mdomo wa korongo unakosa mteremko na maji yanarudi nyuma majumbani.

Vijana, nawaomba kitu. Korongo likijaa, simameni ukingoni, msiingie majini. Tupieni kijiti, mhesabu sekunde zake kwa mita 20. Gawanyeni 20 kwa sekunde hizo mpate kasi, kisha izidisheni kwa 0.85, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Maji yakishuka, choreeni kwa chaki ukutani pale tope lilipoishia siku hiyohiyo, kabla tope halijaoshwa. Upana na kina tutavipima pamoja korongo likikauka, tuzidishe na ile kasi tujue maji yaliyopita.